Bingwa wa ini hupatikanaje, na huchunguza nini?

NI nadra kumsikia kijana anayeanza masomo ya udaktari akisema kuwa ndoto yake ni kuwa bingwa wa maradhi ya ini. Wengi hutaja moyo, upasuaji au maradhi ya watoto.

Hata hivyo, maradhi ya ini huua kimya kimya. Kwa mujibu wa takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO) za mwaka 2022, watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na homa ya ini aina ya B, wakiwemo milioni 65 hivi barani Afrika. Kati ya hao wa Afrika, wapatao wanne tu katika kila mia walikuwa wamepimwa na kujulikana. Baadhi ya waliobaki hufika hospitali tumbo limejaa maji na macho yamegeuka manjano, wakati daktari hana tena mengi ya kufanya.

Kwa kijana wa Unguja, njia ya kuelekea ubingwa huo huanzia karibu. Tunguu, Wilaya ya Kati, ipo Chuo Kikuu cha Zanzibar (ZU), kilichoanzishwa mwaka 1998, pamoja na makao makuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA). Mafunzo ya udaktari ambayo sasa yapo chini ya SUZA yalianza mwaka 2007 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Matanzas cha Cuba.

Shahada hiyo ni mwanzo tu. Baada ya miaka mitano au zaidi ya masomo, mhitimu hufanya kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi, kisha husomea uzamili wa maradhi ya ndani kwa miaka mitatu, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Muhimbili (MUHAS), Dar es Salaam. Ubobezi wa mfumo wa chakula na ini hufuata hapo, ndani au nje ya nchi. Ukijumlisha na miaka ya kazi katikati, aliyeanza akiwa na umri wa miaka 20 huweza kukaribia 35.

Fani yenyewe ni changa. Mmoja wa waasisi wake, Sheila Sherlock, alianzisha kitengo mashuhuri cha ini katika Hospitali ya Royal Free, London, na mwaka 1959 akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa tiba nchini Uingereza. Ajabu ni kwamba aliyegundua kirusi cha homa ya ini aina ya B, Mmarekani Baruch Blumberg, hakuwa bingwa wa ini. Alikuwa akichunguza tofauti za damu za watu wa mataifa mbalimbali, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1976.

Anachochunguza bingwa hutegemea sana mahali alipo. Michael Kew wa Johannesburg alitumia miaka mingi kutafuta uhusiano wa kirusi hicho na saratani ya ini. Nchini Uganda, Profesa Ponsiano Ocama wa Chuo Kikuu cha Makerere alikuwa miongoni mwa watafiti waliopima ugumu wa ini za wakazi wa Rakai. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalihusisha matumizi ya dawa za mitishamba na makovu ya ini, jambo linalostahili kusikika hata visiwani.

Katika mwambao wa Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo huharibu ini. Unguja kichocho kilichopo ni cha mkojo, kinachoathiri kibofu. Bara, sumu kuvu katika mahindi iliwaua watu 20 Dodoma na Manyara mwaka 2016, kwa kuharibu ini.

Zanzibar ina maswali yake, likiwemo la homa ya ini aina ya C kwa wanaojidunga dawa za kulevya. Dawa za sasa huponya zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100 ndani ya wiki 8 hadi 12, lakini ni lazima mgonjwa apatikane kwanza.

Aina ya B bado haina dawa ya kuiondoa kabisa mwilini, ingawa tenofovir, inayotumiwa pia na wanaoishi na VVU, huizuia. Mtoto mchanga anayeambukizwa ana uwezekano wa asilimia 90 wa kubaki nayo. Kwa mtu mzima ni chini ya asilimia 5.

Chanjo yake iliingia katika ratiba ya watoto nchini Tanzania mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni, wakiwemo madaktari na wauguzi wengi wanaoshika sindano kila siku, na WHO hushauri watumishi wa afya ambao hawajachanjwa wapewe chanjo hiyo.