Katizo la Kupanda na Katizo la Kuwa Juu

Katizo ni ishara ambayo kifaa huipelekea kompyuta ili iache kazi yake kwa muda na kukihudumia. Katika kiini cha Linux, kiendeshi cha kifaa huweza kutaja ishara ipi ihesabiwe: voltiji inapopanda, inaposhuka, ikiwa juu, au ikiwa chini.

Hapa ndipo mtunga istilahi hujikwaa. Tuseme fundi wa mtaa wa Dallas, mjini Embu, anaunganisha swichi ya boya la tangi la maji na kompyuta ndogo. Akiandika "maji yamefika juu", ataja kule kufika, au kule kuwapo juu? Kiambishi -me- hubeba tukio pamoja na hali iliyolifuata; mashine haivumilii utata huo. Katizo la badiliko ni kama hodi: mgeni akibisha wakati hakuna asikilizaye, huenda akaondoka bila kujulikana. Katizo la hali ni kilio cha mtoto mchanga, hakikomi mpaka ahudumiwe. Na kiendeshi kisichoondoa sababu ya kilio kitaitwa tena na tena, hata kompyuta ishindwe kufanya jambo jingine.

Twapendekeza, basi, "katizo la kupanda" na "katizo la kushuka" kwa mabadiliko, "katizo la kuwa juu" na "katizo la kuwa chini" kwa hali. Ufupisho "katizo la juu", ingawa wapendeza masikioni, haufai: msomaji atadhani latajwa katizo lenye cheo kikubwa kuliko mengine, na hilo ni suala jingine kabisa.