Maneno Mawili ya Kanga

Sogeeni hapa mkekani, wapwa zangu. Mnaiona kanga ya bibi yenu pale uani, inavyopepea kambani? Hebu tuiulize. Kanga, mbona maneno yako machache?

Kanga ikajibu: "Mengi nitayaandika wapi? Pande zote nne nina pindo. Katikati nina mji, umejaa maua na korosho. Jina langu, yaani maneno yangu, limebakiziwa kamstari kamoja tu. Bibi zangu waliandikwa kwa herufi za Kiarabu, mimi kwa Kilatini. Herufi zimebadilika, nafasi ni ileile. Basi nachagua."

Kanga huchagua! Hata mwenye duka mmoja wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, alichagua. Watu walimwita Abdulla, na kanga zake zikaandikwa: Mali ya Abdulla. Maneno matatu, na mjini kote ikajulikana kanga imetoka kwa nani.

Sasa someni jina la kanga ya bibi. *Wema hauozi.* Maneno mangapi hayo? Mawili.

"Mjomba, maneno mawili yatatoshaje?"

Swali zuri hilo! Anayeuliza hivyo ana akili inayotembea. Haya, nijibuni. Embe likikaa sana huwaje? Huoza. Samaki je? Huoza. Na wema? Hauozi! Mmeona? Kanga haikutaja embe, wala haikutaja samaki. Vyote mlikuwa navyo kichwani. Kanga imegonga mlango tu, mkafungua wenyewe.

Mnakumbuka bibi akikamua nazi? Tui la kwanza ni zito. Akiongeza maji, tui linakuwa jingi, lakini jepesi. Akiongeza tena, linakuwa jepesi zaidi. Chungu kimejaa, utamu umekwenda wapi? Maneno ndivyo yalivyo. Maneno machache ni tui la kwanza.

"Basi mjomba, nikisema neno moja tu, nitakuwa hodari?"

Ngoja kwanza, mpwa wangu. Mgeni akikuuliza njia ya sokoni, ukamjibu "Huko", umesema neno moja. Je, atafika? Hatafika. Mwambie: "Pita msikitini, kata kulia." Maneno manne, naye amefika. Ukimwongezea habari za mbuzi wa jirani na mvua ya jana, atapotea tena. Kwa hiyo usihesabu maneno tu. Tazama kama mgeni amefika.

"Na nikiandika barua, nifanyeje?"

Andika yote yaliyomo moyoni. Kisha isome kwa sauti. Funika neno moja kwa kidole, usome tena. Maana imebaki? Lifute. Maana imeanguka? Lirudishe, hilo ni nguzo. Fanya hivyo neno kwa neno, kama bibi anavyochagua mchele kwenye ungo.

Kesho jioni rudini hapa mkekani. Kila mmoja aje na jina la kanga alilolitunga mwenyewe, la kumpa mama yake. Lisizidi maneno matano. Na mama akilisoma, asihitaji kuuliza: "Una maana gani, mwanangu?"