Mashine Imepata Moto, Nguo Bado Mbichi

Masika ya mwaka jana mama mdogo alinipigia simu saa nne usiku akaniomba nimpelekee pasi. Ana duka dogo la dobi Magomeni, na siku hiyo alikuwa amepokea mzigo wa shuka na mataulo ya gesti ya jirani. Shuka zilizunguka ndani ya mashine ya kukaushia kwa saa mbili na nusu, zikatoka za moto kabisa lakini mbichi. Mzigo kama ule ulikuwa ukimchukua saa moja tu. Gesti ilitaka vitu vyake asubuhi, mvua haikatiki, na kamba ya uani imelowa kama nguo zenyewe. Tulipiga pasi mpaka saa nane.

Wiki mbili kabla ya usiku huo fundi alikwisha kuitwa. Alifungua mgongo wa mashine, akachungulia, akasema, "Mama, hita imechoka." Hita ikanunuliwa, ikafungwa, naye akalipwa ufundi wake. Kesho yake mashine ikawa vilevile, na uniti za luku zikaendelea kwisha kabla ya wakati. Kutojua si kosa, kila fundi ana siku yake ya kwanza na mashine fulani. Kosa ni kumnunulisha mtu kifaa kabla ya kupima chochote.

Fundi wa pili alikuwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya kufulia nguo hotelini kwa miaka mingi. Alikuja na bisibisi na mita ya umeme, lakini hakuanza navyo. "Iwashe, mwanangu," alimwambia mama mdogo, kisha akatoka nje, akazunguka nyuma ya ukuta na kuweka kiganja kwenye mdomo wa bomba la kutolea hewa. Alikaa hivyo kitambo. Aliporudi alisema, "Hita yako nzima. Hii mashine haipumui."

Mdomoni mwa bomba kulikuwa na wavu wa mbu. Aliyefunga mashine aliuweka kwa nia njema, mbu na panya wasiingie. Lakini nguo inayozungushwa kwenye joto huchunika nyuzi laini, na zile zinazopenya chujio la mashine hutoka na hewa. Zilinasa kwenye wavu siku baada ya siku mpaka pakawa na kitu kama kipande cha blanketi la kijivu. Mzee alikibandua kwa kidole, kikaanguka kizima.

Mtu aliyekulia pwani hahitaji kufundishwa jambo hili. Siku ya masika yenye joto la kutoa jasho lakini haina upepo, kanga hushinda kambani na jioni bado ina ubichi kwenye pindo. Kusi ikianza kuvuma, hata jua likiwa la kiasi, kanga ile ile huanuliwa kabla ya adhuhuri. Joto huyabandua maji kwenye nguo, lakini lazima pawe na hewa ya kuubeba mvuke na kwenda nao. Hewa iliyokwisha kushiba maji haibebi zaidi. Mashine ya kukaushia yenye bomba hufanya kazi ya kusi ndani ya sanduku: feni huvuta hewa ya chumbani, ikapita kwenye hita, ikapita katikati ya nguo zinazozunguka, ikachujwa, ikasukumwa nje na mvuke wake. Ziba njia ya kutokea, na zile shuka zitabaki zinapikwa kwenye mvuke wao wenyewe.

Kuna jambo la pili linalotokea hapo, nalo ndilo lililompoteza fundi wa kwanza. Hewa isipotembea, joto hurundikana karibu na hita. Themostati ikihisi joto limezidi hukata umeme wa hita, ikangoja lishuke, ikawasha tena, ikakata tena. Nguo zinaendelea kuzunguka, mashine inaunguruma, ukigusa mlango ni wa moto, kumbe sehemu kubwa ya muda hita imezimwa. Ukiichungulia wakati huo utadhani imekufa.

Tulilipima bomba lenyewe. Lilikuwa la karatasi ya alumini, lile la kukunjika kama kinanda cha mkono, limepitishwa juu ya dari kwa mita 7 na kona nne kali. Kanuni za ujenzi wa nyumba zinazofuatwa sehemu kubwa ya Marekani, ambako mashine hizi zimejaa majumbani, zinataka bomba la chuma laini ndani, lenye kipenyo cha sentimita 10 hivi, na urefu usiozidi mita 10.7. Kila kona ya nyuzi 90 hupunguza karibu mita 1.5 katika urefu huo. Kwa hesabu hiyo kona nne za Magomeni peke yake zilikuwa sawa na mita 6 za bomba lililonyooka. Pamoja na zile mita 7, mashine ilikuwa inasukuma hewa kwa zaidi ya mita 13, tena ndani ya bomba lenye mikunjo inayokamata nyuzi. Kanuni hizo hizo zinakataza wavu mdomoni na skrubu zinazochomoza kupita kiasi ndani ya bomba. Badala yake hufungwa kifuniko chepesi kinachoinuliwa na hewa mashine ikiwaka na kujifunga ikizimwa.

Mzee aliihamishia mashine kwenye ukuta wa nje, akatoboa, akafunga bomba la bati la chini ya mita moja. Kazi ikaisha kabla ya chakula cha mchana.

Kabla ya kutoboa, alifanya jaribio ambalo nalipenda kwa urahisi wake. Alichomoa bomba nyuma ya mashine akakausha mzigo mmoja hewa ikitokea chumbani. Ukakauka kwa muda wa kawaida, na hapo ndipo alipokuwa na hakika kwamba ugonjwa uko kwenye bomba. Jaribio hili ni la mashine ya umeme peke yake. Mashine inayotumia gesi usiichomoe bomba na kuiwasha ndani, kwa sababu moshi wa gesi una sumu isiyo na rangi wala harufu, na inaua.

Si kila mashine inayochelewa ina bomba lililoziba. Siku ile ile mzee alimwonyesha mama mdogo chujio lake, ambalo alikuwa analisafisha kila mzigo kwa mkono na kuliona safi. Aliliweka chini ya bomba la maji, maji yakatuama juu yake badala ya kupita. Dawa ya kulainisha nguo huacha utando kama nta usioonekana kwa macho. Brashi laini, sabuni na maji ya vuguvugu viliutoa kwa dakika tatu.

Umeme nao una lake, hasa mitaa ambako jioni taa hufifia. Nguvu ya hita haishuki sambamba na volti, hushuka kwa kasi zaidi. Hita iliyotengenezwa kwa volti 230 ikipata 200, inabaki na robo tatu tu ya nguvu yake. Mzigo wa saa moja unakwenda saa moja na dakika ishirini, na hakuna kilichoharibika. Ekstensheni nyembamba huongeza tatizo hilo, tena huungua.

Tena kuna maji yenyewe. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunataka karibu theluthi mbili za uniti ya umeme. Mataulo na shuka vyenye lita 3 za maji vinadai uniti 2 kabla hujahesabu joto linalopotea, na mashine ya nyumbani yenye hita ya kilowati 2 haiwezi kumaliza kazi hiyo chini ya saa moja. Ndiyo maana nguo zilizokamuliwa vibaya kwenye mashine ya kufulia huwa msiba. Zikamue mara ya pili kwa mwendo wa kasi, maana kukamua kunakula umeme kidogo sana kuliko kukausha. Wala usilijaze pipa mpaka nguo zikashindwa kuanguka, kwa kuwa hewa inapita pale zinapoachana.

Wanaoishi ghorofani wakiwa na mashine isiyo na bomba, ile inayokusanya maji kwenye chombo chake, watazame chombo kisijae, wasafishe kifaa cha kugeuza mvuke kuwa maji, na wafungue dirisha. Zile za kisasa zinazotumia mfumo kama wa friji hukausha kwa joto la chini na huchukua saa mbili au zaidi kwa tabia yake. Hizo ziacheni ziende kwa mwendo wake.

Nimeliandika hili kwa urefu kwa sababu lina moto ndani yake. Idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia kinga ya moto ilikadiria kuwa kati ya mwaka 2008 na 2010 mashine za kukaushia nguo zilianzisha moto 2,900 kila mwaka katika majengo ya makazi nchini humo, na chanzo kilichoongoza ni kutozisafisha. Nyuzi kavu za pamba huwaka kama sufi. Lile blanketi la kijivu la Magomeni lilikuwa futi chache kutoka kwenye dari ya mbao, na vyumba viwili vya wapangaji viko nyuma yake.

Kwa hiyo nina ombi moja. Ndani ya mashine kuna fyuzi ndogo ya joto inayokata umeme hewa ikikwama. Wapo mafundi wanaoiona imekatika, wakaiondoa na kuunganisha nyaya moja kwa moja, mashine ikafanya kazi, mteja akafurahi. Fundi akikwambia hivyo, mkatalie. Mwambie afunge fyuzi mpya, kisha mtoke nje pamoja mkaweke kiganja kwenye mdomo wa bomba.