Uzi wa Udi na Saa za Silikoni

Mpigaji udi ajuaye kazi yake anafahamu jambo ambalo wataalamu wa fizikia wamelihangaikia kwa miaka mingi. Uzi ukipigwa kwa nguvu, sauti yake hupanda kidogo, kisha hurejea mahali pake kadiri mtetemo unavyofifia. Uzi unaocheza sana huvutika na kukaza, na kwa hiyo hutetemeka upesi zaidi.

Katika muziki hilo ni ladha. Katika saa ni hasara. Saa ya kwatzi ya mkononi huhesabu mitetemo 32,768 kila sekunde, na vipande vya namna hiyo vimo katika simu na katika vyombo vya kuongozea mashua. Katika sehemu moja ya milioni ya sekunde wimbi la redio huenda kiasi cha mita 300. Nahodha apimaye umbali kwa wakati hawezi kulipuuza kosa hilo.

Leo vipande vya namna hiyo hutengenezwa pia kwa silikoni, vyembamba kuliko unywele. Kwa udogo wao, visipotetemeshwa kwa nguvu humezwa na fujo ya joto na umeme. Vikitetemeshwa kwa nguvu hufanya kama uzi wa udi, na kila badiliko la ukubwa wa mtetemo huiyumbisha saa. Shauri la zamani lilikuwa kuviendesha polepole na kuridhika.

Mwaka 2012 Dario Antonio na Daniel López, wa maabara ya Argonne huko Marekani, pamoja na Damián Zanette wa Bariloche, Argentina, walionyesha njia nyingine. Walikiongezea kipande nguvu mpaka mitetemo yake ya kupinda ikafikia theluthi ya ile ya kujinyonga. Hapo nguvu iliyozidi ikahamia katika kujinyonga, na idadi ya mitetemo ya kupinda ikatulia, ijapokuwa msukumo ulibadilika.

Tunaitaja Bariloche kwa makusudi. Chuo cha fizikia cha mji huo wa milimani kilianzishwa mwaka 1955, na nchi yake imepitia misukosuko mikubwa ya fedha, ule wa 2001 ukiwa mmojawapo. Hatukubaliani, basi, na wale wasemao maofisini kwamba elimu ya namna hii ni anasa ya matajiri. Tunaziomba mamlaka zinazohusika, zinapopanga bajeti, zisilianze panga lao kwenye fungu la maabara za skuli za Unguja na Pemba. Udi, kipaza sauti na kompyuta moja vyatosha kwa somo la kwanza.