Gramafoni Inaporuka, Kosa Ni la Nani?

Katika nyumba za askari polisi za mji mmoja wa mashariki ya Uganda, santuri moja ndogo ilikaribia kuvunja masikilizano ya jamaa. Santuri hiyo ilinunuliwa mwaka 1974 na marehemu baba wa sajini mwenye nyumba. Mjane wake, ambaye siku hizi anaishi na mwanawe, huisikiliza kila Jumapili jioni. Jumapili moja wimbo ulipofika ubeti wa pili ulianza kuruka maneno, na kila ulipoanzishwa upya uliruka tena. Bibi alikata shauri kwamba mkwewe ndiye mharibifu, kwa kuwa siku mbili kabla yake alikuwa amezipangusa santuri zote kwa kitambaa chenye maji. Mke wa sajini alinyamaza. Sajini naye, kwa nia njema, alichukua sarafu akaibandika juu ya kichwa cha mkono wa gramafoni ili sindano ikandamizwe. Wimbo uliendelea kuruka, na sasa ukaongeza mkwaruzo.

Mambo kama hayo hutokea katika nyumba nyingi zenye gramafoni, na aghalabu hukumu hutolewa kabla ya upelelezi. Askari polisi, kuliko mtu mwingine yeyote, angepaswa kujua hatari ya utaratibu huo.

Yafaa kwanza ieleweke kuruka ni nini. Kila upande wa santuri una mfuo mmoja tu, mrefu, unaozunguka tangu ukingoni hadi karibu na karatasi ya katikati. Katika santuri za vinili upana wa mfuo huo ni kama sehemu moja ya ishirini ya milimita, karibu sawa na unene wa unywele, na sauti yote imechongwa katika kuta zake mbili. Sindano ikikwea ukuta na kuangukia mzunguko wa mbele, maneno hurukwa. Ikisukumwa ikarudi mzunguko wa nyuma, maneno yale yale hurudiwa bila kikomo: kila baada ya sekunde 1.8 kwa santuri kubwa ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, na kila baada ya sekunde moja na theluthi kwa santuri ndogo ya mizunguko 45. Mwenye kusikiliza kwa makini anaweza kujua, hata kabla ya kuinua kifuniko, kama sindano inasukumwa mbele au nyuma.

Jaribio la kwanza halihitaji fedha wala fundi: ni kuweka santuri nyingine. Ikiwa santuri moja tu ndiyo inayoruka, na daima mahali pale pale, basi kosa ni la santuri. Ikiwa zote zinaruka, huku na huku, basi gramafoni yenyewe ina kasoro. Ikiwa zote zinaruka zinapokaribia mwisho, mkono ndio wa kutazamwa. Huenda waya wa ndani unauvuta, au mafuta katika egemeo lake yameganda kwa uzee. Gramafoni ikiwa imezimwa, mkono ukipitishwa polepole juu ya santuri bila kuigusa, sharti uende kwa wepesi kutoka ukingoni hadi katikati. Ukikwama hapana budi kumwita fundi.

Mahali pa kuiweka gramafoni pia pana habari zake. Meza iliyoinama huufanya mkono uteleze upande wa mteremko. Pimamaji la mwashi ndicho chombo cha kutegemewa, lakini asiye nalo anaweza kuweka bilauri yenye maji nusu juu ya bamba linalozungusha santuri, mashine ikiwa imezimwa, na kutazama kama maji yako sawa pande zote. Vipande vya karatasi ngumu chini ya mguu wa meza hutosha kusawazisha. Nyumba zenye sakafu ya mbao zina taabu ya pekee siku za sherehe, kwani wachezaji wakikanyaga sakafu kwa pamoja, hasa wakiwa na buti miguuni, sindano nayo hucheza. Dawa yake ni rafu iliyopigiliwa ukutani. Kipaza sauti nacho kisiwekwe juu ya meza ile ile ya gramafoni, kwa kuwa mtetemo wake huirudia sindano.

Baada ya hapo ndipo sindano yenyewe ichunguzwe. Mara nyingi ncha yake huwa imevaa kofia ya vumbi na nyuzi za nguo, isiweze tena kuingia katika mfuo. Hiyo huondolewa kwa brashi laini, ikipitishwa kutoka nyuma kuja mbele, kufuata mwendo wa santuri, wala si kwa upande, maana kijiti kinachoishika ncha huvunjika upesi. Sindano ya almasi hutumika kwa mamia ya saa, ya yakuti kwa makumi tu. Na ile ya chuma ya gramafoni za kujaza kwa mkono hubadilishwa kila baada ya kupiga upande mmoja. Sindano iliyokwisha huchimba mfuo kama patasi, na mfuo uliochimbwa haurudi.

Sasa kuhusu ile sarafu. Ni kweli kwamba mkono mwepesi kupita kiasi huifanya sindano irukeruke na kuzigonga kuta, na hilo nalo huharibu santuri. Lakini kila gramafoni ina uzito wake uliokadiriwa na mtengenezaji. Zile nzuri zenye kizani nyuma ya mkono hutaka aghalabu gramu 1.5 hadi 2 hivi. Zile za bei nafuu hutaka zaidi. Kizani huzungushwa mpaka mkono uelee wenyewe sawasawa hewani, kisha ndipo gramu zinazotakiwa huongezwa. Sarafu moja huweza kuongeza gramu kadhaa kwa mkupuo, na sindano iliyolemewa hivyo husaga kuta za mfuo. Kuruka huenda kukakoma kwa siku chache, na mtu akadhani ametibu, kumbe analipia nafuu hiyo kwa sauti ya santuri zake zote.

Katika nyumba ya sajini, jirani mmoja mzee aliyewahi kutengeneza redio ndiye aliyeagiza jaribio la santuri nyingine. Tatu za vinili ziliruka, kila moja mahali pake. Ya nne ilikuwa santuri ya kale, nzito, ya mizunguko 78, iliyosalia katika sanduku la marehemu. Hiyo ilipigwa tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka hata mara moja.

Mzee akacheka. Aliinua mkono wa gramafoni akaonyesha kijiti kidogo kilicho mbele ya kichwa chake. Gramafoni nyingi za zamani zenye mwendo wa 33, 45 na 78 zina sindano mbili katika kichwa kimoja, mgongo kwa mgongo, na kijiti hicho ndicho kinachozigeuza. Mfuo wa santuri za 78 ni mpana, na sindano yake ina ncha nene kama mara tatu ya ile ya vinili. Sindano hiyo ikitumiwa kwa santuri ya vinili haizami. Huelea juu ya mfuo na kuteleza kila inaposukumwa na sauti kubwa. Kijiti kilikuwa kimegeuzwa upande wa 78. Mjukuu wa miaka sita alipoulizwa aliangalia chini.

Sarafu ilibanduliwa na kijiti kikarudishwa. Ubeti wa pili ukapita salama, ingawa mkwaruzo ulioachwa na uzito wa sarafu bado unasikika, na huo hautaondoka. Katika ubeti wa mwisho palibaki mruko mmoja. Chini ya mwanga wa taa ikaonekana punje iliyoganda katika mfuo. Mke wa sajini aliilowesha kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni, akaisukuma taratibu kwa kijiti cha mbao kilichochongwa, akifuata mzunguko wa mfuo, akaisuuza kwa maji safi bila kulowesha karatasi ya katikati, na kuisimamisha kivulini ikauke. Juani vinili hupinda. Spiriti nayo isitumiwe kabisa kwa santuri za 78, kwa kuwa huyeyusha utomvu uliozitengeneza.

Ilipokauka, sajini alitega simu yake karibu na kipaza sauti ili anase wimbo huo. Bibi hakuutaka mkono wa mwanawe wala wa jirani.

"Mwanangu," alimwambia mkwewe, "iweke wewe."