Kuhama ni Bei Gani? Jipange Kabla Onyo la Mvua Halijatoka

Ukiishi Kongo pale Kawangware, au Kibera upande wa Mto Ngong, unajua vile mambo huenda. Redio inatangaza kwamba Idara ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya mvua kubwa. Jirani anasema, "Hao husema hivyo kila mwaka." Watu wanaangalia juu, wanaona jua, wanaendelea na kazi.

Wengi hudai watu wa mtaani hawasikii. Sisi tunaona tofauti. Watu husikia vizuri sana. Shida ni kwamba kufuata onyo kunahitaji pesa, na mara nyingi onyo hutoka wakati mfuko hauna kitu.

Kwa nini tunasita?

Kwanza, ni kuamini. Mwaka 2023 tuliambiwa El Niño inakuja. Oktoba tukaambiwa haitakuwa kali hivyo. Novemba mafuriko yakapiga kuanzia Mandera hadi Mombasa, na watu zaidi ya 100 wakafa. Mei 2024 ikaja habari ya Kimbunga Hidaya. Kufunguliwa kwa shule kukaahirishwa, na watu wa Pwani wakaambiwa wakae mbali na bahari. Tarehe 4 Mei kimbunga kikatua Kisiwa cha Mafia, Tanzania, kikaisha nguvu. Wengine wakasema tumedanganywa.

Lakini onyo si ahadi. Linakwambia hatari ipo, halisemi lazima itakupata wewe. Siku chache tu kabla ya Hidaya, alfajiri ya 29 Aprili, maji yalishuka kwa kishindo Mai Mahiu na kuua watu zaidi ya 40 wakiwa wamelala. Msimu ule wote, Machi hadi Mei, zaidi ya watu 200 walikufa nchini.

Pili, ni hofu ya kukosa pa kurudi. Serikali ilipoamuru walio kando ya mito wahame mwaka huo, tingatinga zilifuata Mathare na Mukuru. Kwa hivyo mtu akiambiwa "hama", anajiuliza maswali mengi. Nani atalinda vitu? Mkokoteni ni pesa ngapi? Landilodi wa kule ninakoenda atataka dipositi?

Soma onyo kwa hesabu ya mitungi

Tahadhari nyingi hutaja milimita, kwa mfano "zaidi ya milimita 20 kwa saa 24". Inaonekana kidogo, sivyo? Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita moja ya mraba. Kwa hivyo milimita 20 ni kama kumwaga mtungi mmoja wa lita 20 kwa kila mita ya mraba. Nyumba ya futi 10 kwa 10 inapata kama mitungi 9 kwenye mabati yake. Sasa hesabu mabati yote ya mtaa wako, na maji hayo yote yanateremka mtoni kwa wakati mmoja. Mitaro ikiwa imejaa takataka, yanapitia mlangoni kwako.

Andaa pesa ya kuhama

1. *Weka kidogo kidogo.* Mvua ndefu huanza Machi. Ukiweka shilingi 20 kila siku kuanzia Januari mosi, mwisho wa Februari utakuwa na shilingi 1,180. Haitoshi kulipa nyumba mpya, lakini ni nauli ya familia na mkokoteni wa godoro.

2. *Gawanya pesa.* Stima ikipotea, mtandao husumbua na mawakala hufunga. Onyo likitoka, toa pesa taslimu za siku mbili au tatu. Zingine ziache kwenye akaunti. Kumbuka, pesa zako haziko ndani ya simu. Simu ikisombwa na maji, utarudishiwa laini yako kwa kitambulisho na utapata salio lako. Pesa zilizokuwa chini ya godoro ndizo hazirudi.

3. *Linda kitambulisho.* Kifunge kwenye karatasi ya nailoni pamoja na nambari muhimu ulizoandika kwa mkono. Simu ikizima, hutakumbuka nambari ya dada yako.

4. *Ongea na mwenyeji mapema.* Mpigie ndugu au rafiki anayeishi juu, mbali na mto, kabla mvua haijaanza. Mkiwa na chama, kubalianeni sasa ni nani atatumiwa pesa kwanza maji yakiingia. Mwenye watoto wadogo? Mgonjwa? Mzee anayeishi peke yake?

5. *Jihadhari na matapeli.* Mei 2024 serikali iliahidi shilingi 10,000 kwa familia zilizoondolewa kando ya mto Mathare. Habari kama hiyo ikitoka, tapeli naye husikia. Atakupigia aseme, "Uko kwenye orodha, nitumie PIN," au, "Lipa ada ya usajili kwanza." Kata simu. Msaada wa kweli hauhitaji PIN yako, na sisi hatutakuuliza PIN hata siku moja.

Siku yenyewe

Chaji simu mara tu onyo linapotoka. Hama mchana, kabla maji hayajafika mlangoni, kwa sababu usiku huwezi kuona mtaro uko wapi. Usirudi kuchukua televisheni. Ukikwama, piga 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu.

Pesa kwenye simu haiwezi kuzuia mto. Inachoweza kufanya ni kukusaidia kuondoka saa sita mchana badala ya saa tisa usiku. Leo kabla hujalala, weka ile shilingi 20 ya kwanza.