William Ames na uboho wa teolojia

Tarehe 21 Desemba 1609, zikiwa zimebaki siku chache kufika Krismasi, mwalimu mmoja wa Christ's College alipanda mimbari mjini Cambridge akakemea karata na dadu zilizokuwa zikichezwa vyuoni msimu wa sikukuu. Wakubwa hawakupendezwa. William Ames alisimamishwa huduma, akapokonywa hata haki za shahada zake, na mwaka uliofuata akavuka bahari kwenda Uholanzi.

Karata peke yake hazielezi ukali huo. Ames, mzaliwa wa Ipswich mwaka 1576, alikuwa mwanafunzi wa mwanateolojia William Perkins, na kama Wapuritani wengi, Waprotestanti waliotaka kanisa litakaswe zaidi, alikataa kuvaa kanzu nyeupe ya ibada iliyoagizwa na Kanisa la Uingereza. Alikwisha kuwa mwiba. Mahubiri yale yaliwapa tu koleo la kuung'olea.

Hata ugenini mkono wa London ulimfikia. Mjini The Hague alikuwa mchungaji wa askari wa Kiingereza chini ya Sir Horace Vere, akaondolewa kwa shinikizo la wakubwa wa kwao. Uprofesa wa Leiden nao ukamponyoka kwa njia hiyohiyo. Kwenye Sinodi ya Dort ya 1618 hadi 1619, iliyoketi kuamua ugomvi na wafuasi wa Jacobus Arminius juu ya uteule wa Mungu na hiari ya mwanadamu, hakuwa mjumbe. Alikuwa mshauri wa mwenyekiti, Johannes Bogerman. Kiti cha kufundishia alikipata mwaka 1622 tu, katika Chuo Kikuu cha Franeker, huko Friesland.

Huko ndiko alikokamilisha Medulla Theologiae, yaani uboho wa teolojia, iliyotoka kamili mwaka 1627. Mpangilio wake ni wa Mfaransa Petrus Ramus: kila jambo ligawe mara mbili, kisha kila nusu uigawe tena. Ames anaanza na imani na utii, kisha anapasua mpaka asomaye anahisi yuko kwenye bucha. Ila usidanganyike na ukavu huo. Wengi walianza na swali la nini tunachoweza kujua kuhusu Mungu. Yeye aliifanya teolojia kuwa elimu ya kuishi kwa ajili ya Mungu. Ni kama ushonaji: fundi hupimwa kwa nguo, si kwa maelezo ya nguo. Kwa hiyo imani aliiweka katika utashi. Kuamini ni kumwegemea Mungu, na akili kukubali tu hakutoshi. Hoja hiyo ilimgombanisha na Johannes Maccovius, profesa mwenzake palepale Franeker.

Kwa maoni yangu, kazi yake bora ni kitabu cha dhamiri cha mwaka 1630. Dhamiri kwake si sauti ya ajabu inayonong'ona usiku. Ni akili ya mtu ikijihukumu yenyewe kwa hoja ya hatua tatu. Tuchukue deni: akopaye sharti alipe, mimi nimekopa, basi sina budi kulipa. Katika hatua ya kwanza dhamiri ni sheria, katika ya pili ni shahidi, katika ya tatu ni hakimu. Ukipotoka, unaweza kutafuta ni hatua gani iliyokosewa: je, hujui sheria, au umejifichia ukweli wa ulichotenda? Mchungaji aliyekaa na muumini mwenye wasiwasi alipata mahali pa kushika.

Mwaka 1633 alihamia Rotterdam. Mafuriko yakaingia nyumbani kwake, akashikwa na homa, akafa Novemba mwaka huohuo. Alikuwa amekusudia kwenda Amerika. Mjane na watoto wake walifika Massachusetts mwaka 1637, na kwa miaka mingi wanafunzi wa Harvard, na baadaye Yale, walifundishwa kwa Medulla. Anayetaka kumwonja leo aanze na kitabu cha dhamiri. Uboho, licha ya jina lake, una mifupa mingi.